Marehemu Ambaye Hakuugua

Kazi yangu ni kutengeneza baiskeli za magurudumu matatu, zile kubwa ambazo walemavu wa mji wetu huzitumia kuvusha mizigo kwenda Goma. Mwenye baiskeli hukaa mbele, akizungusha pedeli kwa mikono, na nyuma yake mzigo hupangwa mpaka unamzidi kimo. Msukumaji, mmoja au wawili, huinama nyuma ya mzigo na kusukuma. Karakana yangu iko kando ya barabara inayoteremka kwenda Petite Barrière, kituo cha kuvukia mpaka. Nachomelea vyuma, nabadilisha beringi, nanyoosha rimu. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua vitu na kuvifunga tena, na kwa vitabu vya mitumba nilivyonunua Goma nikiwa kijana, vingine vya ufundi, vingine vya sarufi, vingine vya mambo ambayo sikuyahitaji. Nimezoea kuuliza jambo kwa mpangilio: kitu gani kimevunjika, kimevunjwa na nini, na hicho kilichokivunja bado kipo?

Mtu aliyepigwa risasi alikuwa msukumaji. Nilimfahamu kwa miaka mingi, kwa namna fundi anavyomfahamu mteja. Alikuwa akisukuma baiskeli ya mama mmoja anayeuza karoti na vitunguu ng'ambo, mama ambaye miguu yake ilipooza tangu utotoni na ambaye ulimi wake haujapooza hata kidogo. Baiskeli ikiharibika, msukumaji ndiye aliyeileta kwangu. Alikuwa na tabia ya kuchuchumaa karibu na moto wa kuchomelea huku amefunika macho kwa mkono, halafu kuniuliza, "Fundi, hiyo imeshikana kweli, ama ni ya kunidanganya mupaka kwa kona?"

Jambo lenyewe lilitokea mchana, jua likiwa kali. Walikuwa wanarudi kutoka mpakani na baiskeli tupu, wakipanda upande wa Nengo, ambako yule mama alikuwa na mteja wa vitunguu. Katika njia hiyo kuna ghala la vifaa vya ujenzi lenye ukuta mrefu wa mawe meusi. Msukumaji alisimamisha baiskeli, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu ili isirudi, akauendea ukuta. Mlinzi wa ghala akampiga risasi. Alikufa kabla ya kufika hospitali. Polisi walifika haraka, wakamchukua mlinzi pamoja na bunduki yake. Mambo hayo yote yalijulikana kabla jua halijatua. Aliyepiga alijulikana, bunduki ilijulikana, mahali palijulikana. Hapakuwa na fumbo lolote.

Habari niliipata kwa motari mmoja, dereva wa pikipiki anayesubiri abiria mbele ya karakana yangu. Alikuja akikimbia, kofia yake ya chuma bado kichwani.

"Fundi, umesikia? Ule musukumaji wa mama ya karoti, bamemupiga risasi. Pale kwa ghala."

Nilizima mashine. "Yuko wapi?"

"Bon, na yeye alikuwa anatafuta nini kwa ukuta ya batu?"

"Nimekuuliza yuko wapi."

"Amekufa, Fundi. Mi nashangaa tu. Muchana kabisa, unaacha barabara, unaenda kusimama kwa ukuta ya batu. Sababu ya nini?"

Nakumbuka nilibaki na kinyago cha kuchomelea mkononi. Kifo kilinishtua, lakini mpangilio wa ile habari ulinishtua kwa namna nyingine. Swali kuhusu alichokuwa anafanya lilikuja kwanza. Neno la kwamba amekufa lilikuja baadaye, na nililipata kwa kudai.

Kwenye benchi langu hukaa watu wanaosubiri kazi zao, na wengine wasio na kazi yoyote. Siku hizo benchi halikukosa watu. Palikuwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyerudi kutoka Tanzania, mtu mpole na mwenye Kiswahili kizuri. Palikuwa na yule motari. Palikuwa na mama anayeuza nyanya kwenye beseni, ambaye hupumzika hapo kabla ya kushuka mpakani. Walizungumza, nami nikafanya kazi na kusikiliza.

"Mimi nimeambiwa alikwenda kukojoa," alisema mwalimu. "Sasa mtu mzima, mchana, kwenye ukuta wa watu. Hiyo siyo adabu."

"Hapana, Mwalimu," alisema motari. "Alikuwa anaongea na simu. Na alikuwa na simu mbili, mi nilikuwaka naziona."

"Simu mbili za nini?" aliuliza mama wa nyanya.

"Njo hapo na mi najiuliza. Musukumaji, simu mbili."

"Moja ya kuita deni, nyingine ya kukimbia deni," alisema mwalimu, nao wakacheka kidogo, kicheko kile cha watu wanaojua kwamba hawapaswi kucheka.

Baadaye picha yake ilipita kwenye simu za watu wa mtaa. Mtu fulani aliitoa kwenye picha za harusi. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na ua kifuani. Chini ya picha watu waliandika pole, na katikati ya pole mmoja akauliza suti ile aliipata wapi. Mwingine akaandika kwamba aliwahi kumwona akipita njia ile ile wiki iliyotangulia, kana kwamba kupita njia mara mbili ni dalili. Mwingine alitaka kujua ni mtu wa wapi hasa, wa hapa au wa ng'ambo. Nilisoma yote mpaka mwisho. Nilitafuta hata mtu mmoja aliyeuliza lolote juu ya mlinzi: ni nani, alipewa bunduki na nani, alifundishwa lini kuitumia, aliona nini mpaka akapiga. Sikumpata.

Kesho yake niliuliza mwenyewe, pale kwenye benchi. Sikuuliza kwa hasira.

"Na mlinzi?"

Walinitazama.

"Mlinzi amefanyaje?" aliuliza mwalimu.

"Mbona hatumzungumzii?"

"Mlinzi yuko mikononi mwa polisi, Fundi. Hilo limekwisha."

"Fundi anataka kuwa avoka," alisema motari, akimaanisha wakili. "We Fundi, ile ghala ni ya babu yako?"

Mama wa nyanya hakucheka. Alikuwa anajitwika beseni lake. "Mi kuanzia leo sipite tena pale," alisema. "Nitazungukaka kule chini, hata kama ni mbali."

Aliondoka, nami nikabaki nikimfikiria muda mrefu. Kwa siku mbili alikuwa ameuliza, kama wengine, msukumaji alikuwa anafanya nini pale. Lakini miguu yake ilikuwa imekwisha kuelewa jambo lingine. Kama angeamini kweli kwamba yule mtu alikufa kwa sababu ya simu mbili, au kwa sababu ya kukojoa, asingehitaji kuzunguka. Yeye hana simu mbili na hakojoi ukutani. Nadhani kila swali lililoulizwa kwenye benchi langu lilikuwa linatafuta kitu kimoja tu: tofauti. Tofauti kati ya aliyekufa na anayeuliza. Ikipatikana, mtu anaweza kupanda tena barabara ile kwa amani. Kwa mlinzi tofauti hiyo haipatikani. Ukimfikiria mlinzi sana, unafika mahali ambapo wewe pia ungeweza kuwa mbele ya bunduki ile, na hapo watu hawapendi kufika.

Jioni moja, kazi ilipokwisha, nilipanda hadi pale. Nilitaka kuona kwa macho. Njia ni ya watu wote. Watoto wanaotoka shule wanaikata, wanawake wenye mabeseni wanaikata, na kando ya ukuta pana kivuli, kivuli pekee katika mteremko ule wote. Mtu alikuwa amemwaga mchanga mweusi mahali fulani na kuusawazisha kwa ubao. Watoto watatu walikuwa wamekaa kivulini wakila mahindi ya kuchoma. Hakuna aliyewauliza walikuwa wanafanya nini pale.

Kwetu mtu akifa, majirani hukaa na wafiwa nyumbani kwao hadi mazishi na baada yake. Kwa Kinyarwanda ni ikiriyo. Safari hii maiti ilichelewa kutolewa kwa sababu ya uchunguzi, kwa hiyo tulikaa muda mrefu kuliko kawaida. Walifunga turubai mbele ya nyumba, wakaleta mabenchi ya kanisa. Mjane alikaa ndani, kwenye mkeka, na wanawake wawili pembeni yake. Mtu akiingia, alipiga magoti, akamshika mkono.

"Pole sana, mama. Mungu akutie nguvu."

"Asante."

"Yooo! Na alikuwa ameenda pale kufanya nini?"

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikayasikia hayo mara nyingi. Watu walewale waliobeba maji, waliopika uji wa watoto, walioacha biashara zao ili wakae naye, ndio waliouliza. Hawakuwa watu wabaya. Mwanzoni mjane alijibu kila mmoja: hajui, hakuwa pale, labda alitaka kivuli. Kisha akaacha kujibu. Nilipoingia kumpa mkono alinishikilia.

"Papa," aliniambia, "kila mutu anaingia, anakamata mukono yangu, anauliza. Mi sikuwa pale. Mi sikupiga mutu risasi. Sababu ya nini banauliza mi?"

Nilikaa tena mlangoni, nikaanza kukumbuka ikiriyo nyingine nilizokaa maishani, na hapo nikaona jambo ambalo lilikuwa mbele yangu miaka yote. Sisi huuliza hivyo daima. Mtu akifa kwa tumbo, tunauliza alikula nini. Akifa kwa malaria, tunauliza kwa nini alichelewa kwenda hospitali. Mwanamke akifa wakati wa kujifungua, tunauliza alikuwa anapumzika kweli. Tumezoea kifo kinachotoka ndani ya mtu, na kwa kifo cha namna hiyo maswali hayo yana maana fulani, hata kama yanaumiza. Sasa kifo kilikuwa kimetoka kwenye mkono wa mtu mwingine, mwenye jina na nguo za kazi, nasi tukauliza maswali yetu ya siku zote. Tulikuwa tunamuuliza marehemu kuhusu ugonjwa wake.

Siku moja kabla ya mazishi niliitwa kusaidia kuandika historia ya marehemu. Hii ni desturi isiyoachwa. Kabla ya kuzika, mtu wa familia husimama na kusoma maisha ya aliyekufa: alizaliwa wapi na nani, alibatizwa, alisoma, alioa, alizaa watoto hawa, alifanya kazi hii. Kisha huja sehemu ya ugonjwa. Alianza kuugua lini, alipelekwa hospitali gani, akahamishiwa ipi, madaktari walijitahidi vipi, na mwisho akapumzika. Familia huwashukuru madaktari na wote waliomwuguza. Nimesikia historia za namna hiyo zisizo na idadi, na zote zinafanana kama matairi ya kiwanda kimoja. Watu huzitaka hivyo. Kufanana kwake kunawatuliza.

Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa amefika kutoka Kigali, ambako ni mfanyakazi wa ofisi. Ni mtu wa tai na viatu safi, anayesema polepole. Yeye angesoma kwa Kinyarwanda, kisha mimi nisome kwa Kiswahili, kwa sababu wasukumaji na wafanyabiashara wengi wangevuka kutoka Goma. Tulikaa chumba cha nyuma, kwenye meza ndogo. Yule mama wa karoti alikuwa pale pia, amebebwa na kuwekwa kwenye kiti, kanga yake imefunika miguu. Mlango ulikuwa wazi, na mjane alikuwa chumba cha pili.

Kuzaliwa, kubatizwa, shule, ndoa, watoto: tuliandika bila shida. Tulipofika kwenye sehemu ya ugonjwa kaka alianza kunitajia maneno.

"Andika hivi, Fundi. Marehemu hakuwa mlevi."

Niliandika.

"Hakuwa na ugomvi na mtu. Hakuwahi kukamatwa. Alikuwa na kibali cha kuvuka, na kilikuwa hakijaisha muda. Simu ya pili ilikuwa ya mke wake, alikuwa ameipeleka kutengenezwa."

Niliandika hayo pia. Yalikuwa ya kweli, na mkono wangu ulikwenda wenyewe.

"Pale ukutani alikwenda kupumzika kivulini kwa sababu alikuwa amechoka na kazi."

"Nani anasema?" aliuliza mama wa karoti.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye, mama."

"Mi njo nilikuwa naye. Alisimamisha kinga, aliweka jiwe, alienda kwa ukuta. Kile alienda kufanya hakuniambia. Labda kivuli. Labda kukojoa. Hata mi najua? Unataka niongope mbele ya kaburi?"

Kinga ndivyo wengi wetu tunavyoita baiskeli hizo.

"Si uongo," alisema kaka. "Ni kuelezea."

"Elezea yako. Yangu utaiacha."

Nilitazama karatasi. Sehemu ya ugonjwa ilikuwa imekuwa ndefu kuliko maisha yake yote. Kuzaliwa kwake na ndoa yake na watoto wake vilichukua nusu ukurasa, na sasa tulikuwa kwenye ukurasa wa pili tukieleza kwamba hakustahili. Nilishtuka kwa sababu hakuna katika chumba kile aliyemtakia marehemu mabaya. Tulikuwa watu wake, na sisi pia tulikuwa tunazungumza juu ya alichokuwa anafanya pale.

Mjane alikuwa amesimama mlangoni. Sikujua alikuwa amesikiliza tangu lini.

"Shemeji," alimwambia kaka, "nani amemushitaki?"

"Hakuna aliyemshitaki. Lakini unajua watu wanasema."

"Banasema nini?"

"Unajua wanachosema, mke wa mdogo wangu."

"Basi unaandikia bale batu? Ama unaandikia batoto yake?"

Kaka aliweka mikono mezani. "Tukinyamaza wataona tunaficha kitu. Wewe hujui watu. Mimi nafanya kazi na watu. Ukiacha nafasi tupu, wao wataijaza."

Nilimwelewa. Hakuwa mjinga, na hofu yake haikuwa ya bure.

"Shemeji, sikia," alisema mjane. Hakuinua sauti. "Mutoto yangu ya kwanza atasimama pale. Eko na akili, anakamata maneno yote. Kile mutasoma kesho, njo kile atakuwa nacho. Mi sitaki abaki na maneno ya baba mwenye alikuwa anajitetea ndani ya sanduku. Nataka abaki na baba. Na nataka ajue baba aliuliwa na mutu. Ni hiyo tu. Siombi kitu ingine."

Mama wa karoti alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga, na bado alikuwa amekasirika.

"Fundi," kaka aliniuliza mwishowe, "utaandikaje?"

Nilifuta yote ya ukurasa wa pili. Mahali pa ugonjwa niliandika kwamba marehemu hakuugua, kwamba alikuwa mzima akitoka kazini, na kwamba alipigwa risasi na mlinzi wa ghala, mchana, kwenye njia ya watu wote, akafa. Nilimsomea kaka. Akaomba nisome tena. Kisha akainakili kwa Kinyarwanda kwa mwandiko wake mzuri wa ofisi, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa koti. Alimwambia mjane, "Itakuwa hivyo." Naamini siku ile alimaanisha.

Watu walikuwa wengi makaburini. Wasukumaji walikuja kwa kundi, wengine kutoka ng'ambo, mikono yao mikubwa wakiwa hawajui pa kuiweka. Walemavu walikuja na baiskeli zao, wakazipanga kando ya barabara kwa sababu njia ya makaburini ni ya mawe. Nyingi kati ya baiskeli hizo nilizitengeneza mimi. Motari alikuja, na mwalimu, na mama wa nyanya.

Kaka alisoma vizuri. Alitaja wazazi, ubatizo, ndoa, watoto mmoja mmoja kwa majina, na kila mtoto alipotajwa aliinua uso. Kisha akafika kwenye mahali pa ugonjwa. Alisoma kwamba marehemu hakuugua. Hapo akainua macho, akatuona sote tukimtazama. Mimi pia niliuona umati ule kutoka pale niliposimama pembeni. Watu walikuwa wamesogea. Walikuwa wanangoja. Siku zote zile walikuwa wameuliza, na sasa waliamini kwamba jibu limefika.

Kaka alikunja karatasi.

"Ndugu yangu," alisema kwa Kinyarwanda, na sauti yake ikapasuka, "hakuwa mwizi."

Akaendelea. Hakuwa mlevi, hakuwa na ugomvi, alikuwa na kibali. Yote tuliyofuta yalirudi, na mengine mapya juu yake. Alikuwa analia. Alikuwa kaka anayempenda mdogo wake, naye aliyasema yote kwa upendo.

Nyuma yangu walisimama wanawake wawili kutoka sokoni. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Kumbe alikuwa anaiba?"

"Njo banasema," alijibu mwenzake.

Katika siku zote zile, kwenye benchi langu, kwenye simu, chini ya turubai, nilisikia mambo mengi, lakini neno wizi sikulisikia hata mara moja. Lilisemwa kwa mara ya kwanza na mtu wa damu yake, kwa kulikanusha, na halikuhitaji muda wowote kusimama kwa miguu yake. Nilitazama upande wa watoto. Yule wa kwanza, binti, alikuwa amemkazia macho baba yake mkubwa.

Kaka alipomaliza, mchungaji alinipa ishara. Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini kaka alishindwa. Umati ulikuwa unangoja nami niseme kitu juu ya wizi, nikanushe zaidi yake. Maneno yalinijia mdomoni. Mjane aliondoka mahali pake, akaja kusimama karibu nami, kitu ambacho mjane kwetu hafanyi.

"Soma, Papa," alisema. "Bile tuliandika."

Nilisoma vile tulivyoandika. Nilisoma polepole, kwa sababu wengi walikuwa wameisikia kwa Kinyarwanda na wangeona kipi kimepungua. Nilisema alipigwa risasi na mlinzi wa ghala, mchana, kwenye njia ya watu wote, akafa. Nikashukuru waliombeba, waliochimba kaburi, waliokaa na familia. Nikashusha karatasi.

Watu walikuwa bado wanangoja. Mchungaji alifungua Biblia. Ndipo msukumaji mmoja wa makamo, mmoja wa wale waliovuka kutoka Goma, ambaye hakuwa ameelewa Kinyarwanda cha kaka, aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza njia:

"Mulinzi gani?"

Kaburini hatuulizi maswali. Watu waligeuka kumtazama. Mchungaji alisema, "Ndugu, tuendelee kwa amani."

"Ndiyo, mukubwa, pardon. Nauliza tu. Amesema mulinzi. Ni nani?"

"Mi nilimuona," alisema mama wa karoti.

Alikuwa mbele, kwenye kiti chake cha kubebwa, na hakumtazama mchungaji. Alimtazama aliyeuliza.

"Ni kijana. Nguo ya kazi ilikuwa inamupita ukubwa, alikuwa amekunja mikono ya ile nguo hapa na hapa. Hakupiga kelele. Hakusema toka, hakusema simama. Aliinuka, alipiga. Mi nililia, nilimuita marehemu kwa jina yake, kisha nilimuambia ule kijana, umefanya nini? Akaniangalia. Kisha alirudi kwa kiti yake, akaikala, akalalisha bunduki kwa magoti. Alikuwa anaikala bile mupaka polisi ikafika."

Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Mmoja wa wale wanawake wawili nyuma yangu aliguna kifuani, kama mtu aliyeguswa na kitu cha baridi.

Binti alikuwa ameacha kumtazama baba yake mkubwa. Alimsogelea mama wa karoti, akasimama mbele ya kiti chake.

"Alikuwa na miaka ngapi?" aliuliza. "Yule mulinzi."

"Sijui, mama yangu. Kama kaka yako mukubwa, kama ungekuwa naye."

Binti alitikisa kichwa kwamba amesikia. Mchungaji alingoja mpaka akarudi kwa mama yake, kisha akaanza kusoma.